Chungu cha Mkono wa Mwisho

Paukwa!

Pakawa.

Mbona mnaitikia kwa uvivu? Au ni zile kunde? Haya, tuanze upya. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Wewe uliyekaa upande wa moshi, sogea huku, usije ukatokwa na machozi ukasema ni hadithi yangu iliyokuliza. Kulia kupo, lakini bado.

Hapo zamani za kale, kale ile ambayo ukimuuliza kuku anakujibu, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi pembeni mwa mbuga moja huko bara. Udongo wa mbuga ile ulikuwa mweusi, mlaini, unanata vidoleni. Wanawake wa kijiji kile waliuchimba, wakaukanda, wakaufinyanga vyungu na mitungi, na watu wakaja kutoka mbali kuvichukua.

Watu wale walikuwa na desturi yao. Mtoto akizaliwa hapewi jina, anatafutiwa. Mtoto analia, na wazee wa nyumba wanamtajia majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, polepole. Akitajiwa jina akanyamaza, basi huyo ndiye aliyerudi. Wanashangilia, wanasema, "Karibu tena nyumbani."

Na walikuwa na desturi nyingine. Mfinyanzi akifa, siku ya kuanua matanga huchukuliwa chungu chake cha mwisho, kile alichokiacha, wakikiita chungu cha mkono wa mwisho. Aliye mdogo kuliko wote nyumbani hukivunja mbele ya watu. Kikishavunjwa, watu hulia kilio cha mwisho, kisha hunawa nyuso na kurudi mashambani.

Shikeni hizo desturi mbili. Nitazihitaji huko mbele.

Sasa, katika kijiji kile palikuwa na mwanamke aitwaye Kalunde, mfinyanzi hasa. Vyungu vyake vilikuwa havipasuki. Unaweza kukipikia chungu cha Kalunde tangu binti anaolewa mpaka anaitwa bibi. Mume wake alikuwa Lubinza, mzee mrefu, mpole, mwenye maneno machache, na walipendana watu wale mpaka majirani wakawa wanasema si kawaida.

Kalunde akaugua, akafa. Matanga yakawekwa. Na asubuhi ileile ya kuanua matanga, chungu cha mkono wa mwisho kimeshatolewa nje, mkamwana wa nyumba ile, Nshoma, akashikwa na uchungu akajifungua mtoto wa kike.

Mtoto akalia. Wazee wakaingia, wakamtajia majina. Wakataja la kwanza, akalia. Wakataja la pili, akalia. Babu Lubinza alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu kwa kukesha. Akasema kwa sauti ndogo, "Kalunde."

Mtoto akanyamaza.

Kuku aliyekuwa anaatamia chini ya kitanda akasema, "Amenyamaza kwa sababu mama yake amempa ziwa." Lakini nani anamsikiliza kuku? Watu walikuwa wameshaanza kushangilia. "Kalunde amerudi! Hata matanga hayajaanuliwa, amesharudi!"

Mmoja akauliza, "Na chungu je, tukivunje?"

Babu Lubinza akakikumbatia kile chungu. Akasema, "Mnavunja chungu cha mtu na mwenyewe yumo ndani ananyonya?"

Watu wakaona kweli. Chungu hakikuvunjwa, kilio cha mwisho hakikutolewa, na matanga yakaisha hivihivi tu, watu wakaenda zao. Babu Lubinza akakiweka kile chungu kichwani mwa kitanda chake, akakifunika kitambaa.

Basi mtoto akakua. Na mnajua utani wa babu na mjukuu. Babu humwita mjukuu wake wa kike mke wangu, mjukuu naye humwita babu mume wangu, wanagombana mbele za watu kama mke na mume, na kila mtu anacheka. Babu Lubinza naye alimwita yule mtoto mke wangu. Watu walicheka, mtoto alicheka. Babu Lubinza hakucheka. Alikuwa anasema kweli yake.

Mtoto akishika karanga, Babu anazichukua kwa upole. "Mke wangu, umesahau? Karanga zinakudhuru." Marehemu ndiye zilikuwa zinamdhuru. Huyu alizipenda, akawa anazila kwa jirani, kwa kujificha, na hazikumfanya lolote.

Siku nyingine akaja mama mmoja wa jirani, Nyanzobe, akajishika kiuno mbele ya mtoto ambaye meno ya utotoni yalikuwa ndiyo kwanza yanang'oka. Akasema, "Kalunde, mwaka ule wa nzige ulinipiga kofi kisimani. Hujaniomba radhi mpaka leo."

Mtoto akamtazama mama yake. Nshoma akatazama chini. Mkamwana angesema nini?

"Nisamehe, mama," mtoto akasema.

"Mimi si mama yako, tumecheza wote," akasema Nyanzobe, akaondoka ameridhika. Ameombwa radhi, bwana. Aliyemwomba ndiye hakujua ameomba kwa kosa gani.

Hivyo ndivyo alivyoishi mtoto yule. Kila alichofanya, kuna mwingine alishakifanya. Akicheka, wanasema ndivyo alivyokuwa akicheka. Akinuna, wanasema ndivyo alivyokuwa akinuna. Akawa akienda kuchota maji anajiimbia peke yake:

*Mimi ni yeye, au yeye ni mimi?*
*Kama nilirudi, niliondoka lini?*

Siku alipoingiza mikono kwenye udongo kwa mara ya kwanza, Babu Lubinza alifurahi kuliko siku zote. Akaita watu. Akasema mbele yao, "Tangu leo sili kilichopikwa mpaka kipikwe ndani ya chungu kipya cha Kalunde. Nimengoja vya kutosha."

Maana lazima niwaambie, tangu marehemu afe, kijiji kile kilikuwa kimebakiwa na vyungu vya kupasuka tu. Wanawake wanafinyanga vizuri, wanavikausha vizuri, wanavipanga vizuri kwenye kuni na majani makavu, moto ukikolea unasikia pwaa, pwaa, pwaa. Vinavyopona ni vichache, na vyenyewe havimalizi mvua moja. Watu walishaanza kuchotea maji kwenye vibuyu. Wote wakawa wanamngoja yule mtoto. Waliamini mikono yake itakumbuka.

Kalunde mdogo akakanda udongo, akafinyanga chungu, akakisugua kwa gunzi, akakianika kivulini. Kikakauka. Kikatiwa motoni. Pwaa!

Babu Lubinza akasema, "Mke wangu, jaribu tena."

Akakanda, akafinyanga, akasugua, akaanika. Motoni, pwaa!

"Mke wangu, jaribu tena."

Akakanda, akafinyanga, akasugua, akaanika, na safari hii alifanya taratibu mpaka mgongo ukamuuma. Motoni, pwaa!

Siku zote hizo Babu Lubinza anakula vya kuchoma. Mwanzoni watu waliona ni mchezo. Muhogo wa kuchoma, hindi la kuchoma, kiazi cha kuchoma. Lakini mzee mwenye meno ya kuhesabika ataguguna mahindi mpaka lini? Akakonda. Mifupa ya mabega ikatokeza. Nshoma akampikia uji, akaupeleka mwenyewe kwa magoti mawili. "Baba, kunywa kidogo tu."

"Umepikwa ndani ya nini?"

"Ndani ya chungu changu, baba."

"Basi wape watoto, mwanangu. Mimi nina mke."

Baada ya chungu cha tatu kupasuka, Babu Lubinza alimwita Kalunde mdogo, akamshika mikono, akaigeuza, akaitazama viganja na migongo yake. Akasema, si kwa hasira, na hilo ndilo lililouma zaidi, "Mbona unanificha mikono yako, mke wangu? Nimekukosea nini? Na kama wewe si Kalunde, niambie, ni nani huyu anayelala ndani ya jina lake?"

Mtoto akaivuta mikono yake. Alitoka nje. Aliona wazi kwamba yule mzee atakufa, na atakufa akimngoja mtu ambaye yeye hajui kuwa ni yeye. Akashika njia ya mbugani, analia, anaimba:

*Mimi ni yeye, au yeye ni mimi?*
*Kama nilirudi, niliondoka lini?*

Akamkuta nyoka amejianika juu ya kichuguu. Pembeni yake gamba lake la zamani, jeupe, jepesi, limenasa kwenye miiba.

"Shikamoo, nyoka."

"Marahaba. Unalia nini?"

"Nataka kujua. Lile gamba pale ni wewe?"

"Lilikuwa mimi."

"Basi ukiambiwa ulivae tena?"

Nyoka akalitazama gamba lake, akalitazama kwa heshima kabisa. "Litapasuka, mjukuu wangu. Si kwamba ni baya. Limenifikisha hapa. Lakini mimi sitoshi mle tena, na likipasuka hasara ni ya sote wawili. Nenda kamuulize chura."

Akaenda, anaimba wimbo wake, akamkuta chura ameketi penye tope.

"Shikamoo, chura."

"Marahaba. Unalia nini?"

"Nataka kujua. Unakumbuka ulipokuwa na mkia?"

Chura akafikiri, koo likimpandapanda. "Mkia naambiwa tu. Watu wanasema nilikuwa nao, nami siwabishii. Ninachokumbuka ni maji. Nikiyaona maji moyo wangu unaruka kabla sijaruka mimi. Hayo nimetoka nayo huko, mkia niliuacha. Nenda kamuulize nyigu."

Akaenda, anaimba wimbo wake, akamkuta nyigu mfinyanzi, yule mwenye kiuno chembamba, anajenga kijumba chake cha udongo kwenye shina la mti.

"Shikamoo, nyigu."

"Marahaba. Kaa upande, unaniziba mwanga. Unalia nini?"

"Nataka kujua. Nani alikufundisha kufinyanga?"

"Hakuna. Mama yangu sikumwona. Alinijengea chumba, akaniwekea chakula, akaziba mlango, akafa. Nilipotoboa nikatoka, nilikuwa peke yangu."

Mtoto akazidi kulia. "Wewe hukumwona mama yako na mikono yako inajua. Mimi naambiwa ndiye bibi mwenyewe, na mikono yangu haijui kitu. Vyungu vyangu vinapasuka."

Nyigu akasimamisha kazi. Si kawaida yake. "Unatumia udongo gani?"

"Wa mbugani."

"Na nini tena?"

"Wa mbugani tu."

"Mtupu?"

"Mtupu."

"Ala, ndiyo maana," akasema nyigu. "Udongo mtupu haujawahi kuuona moto, utauzoea wapi? Mimi kabla sijajenga hung'ata kipande cha kile kijumba alichokiacha mama, nikakitafuna, nikakichanganya na tope jipya. Hata bibi yako alikuwa anafanya hivyo. Alipokufa mama yake, chungu kilivunjwa, watu wakalia wakaenda zao, yeye akabaki anaokota vigae. Wakadhani anafagia. Akaenda nyuma ya ghala akavitwanga vikawa chenga. Kila alipokanda udongo alitia konzi moja ya chenga zile. Mimi nilikuwa kwenye paa la ghala, nikaona."

"Mbona hakumwambia mtu?"

"Alikuwa anangoja apate binti au mjukuu wa kumwambia. Kifo hakikungoja."

Hapo mtoto akakaa chini. Akauliza lile alilotoka nalo nyumbani, "Basi, nyigu, mimi ni yeye au mimi ni mimi?"

"Chukua chungu kipya," akasema nyigu, "uniletee, unioneshe ndani yake chungu cha zamani kimekaa wapi." Akarudi kwenye kazi yake. Nyigu si watu wa maneno mengi.

Mnaona jambo hilo? Watu wa kijiji walijua kuvunja, hawakujua kusaga. Na safari hii hata kuvunja hawakuvunja.

Kalunde mdogo akarudi nyumbani kabla jua halijashuka. Hakuimba njiani. Akamkuta Babu Lubinza ameketi kwenye kigoda, amejiegemeza ukutani. Akapiga magoti.

"Babu, naomba chungu."

Mzee akashtuka. Hakuwa amezoea kuitwa Babu. "Chungu gani, mke wangu?"

"Kile cha kichwani mwa kitanda."

"Unakitakia nini?"

"Nataka kukivunja."

Nshoma, aliyekuwa anapepeta mtama, aliuacha ungo ukaanguka. Babu Lubinza akaweka mkono kifuani. "Kile ndicho kilichobaki. Hakuna mwenye ruhusa ya kukivunja kile."

"Babu, kile chungu ni cha nani?"

"Ni chako."

"Kama ni changu, nina ruhusa ya kukivunja."

Mzee akageuka, akautazama mlango wa chumbani.

"Na kama si changu," mtoto akasema, "basi mwenyewe amekufa, Babu. Na chungu cha aliyekufa huvunjwa."

Jamani, mimi nimesimulia hadithi hii mara nyingi, na hapa huwa nameza mate. Yule mzee akamtazama mtoto. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza anamtazama yeye, si kumtafuta mtu mwingine ndani yake. Akaona pua ile ni ya Nshoma. Akaona kovu dogo kidevuni ambalo marehemu hakuwa nalo. Akaona kitoto chembamba kilichochoka, vidole vimepasukapasuka kwa udongo.

Akainuka kwa shida, akaingia ndani, akatoka na chungu. Akakifunua kitambaa. Kilikuwa kizuri, cheusi, kinang'aa. Akapitisha kiganja chake juu ya tumbo la chungu kile, pale ambapo marehemu alipitisha chake. Kisha akakitia mikononi mwa mtoto.

"Wewe ndiye mdogo wetu hapa," akasema. "Ni kazi yako."

Kalunde mdogo akakiachia.

Kikavunjika kwa mlio mmoja. Na mlio huo haujaisha, kilio kikatoka kwa yule mzee, kilio kilichokuwa kimekaa ndani yake tangu asubuhi ile ya matanga. Alilia mpaka akakaa chini. Watu wakaja mbio kutoka kila nyumba.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Mke wangu," akasema Babu Lubinza. "Mke wangu Kalunde amekufa."

Wakatazamana. Kalunde mdogo huyo hapo amesimama, mzima. Nyanzobe akataka kusema kitu, akaona vigae chini, akaelewa. Akaketi kando ya mzee, akaanza kulia naye, maana alikuwa amecheza na marehemu tangu utoto, na kwa sababu ya kofi la kisimani alikuwa hajamlilia rafiki yake. Wakalia wote. Kisha wakanawa nyuso. Matanga ya Kalunde yakaanuliwa siku ile.

Watu walipoondoka, mtoto aliokota vigae. Hakuacha hata kimoja. Akaenda nyuma ya ghala, akavitwanga, akavichekecha. Kesho yake akaenda mbugani, akachimba udongo mpya, akatia konzi moja ya chenga, akakanda. Safari hii udongo ulimkwaruza viganja kidogo, na yeye akatabasamu, akajua ni nani anayemkwaruza.

Akafinyanga, akasugua, akaanika. Wanawake wote wakaja kusimama penye moto. Moto ukakolea. Wakangoja pwaa. Wakangoja. Moto ukapungua, ukawa makaa, ukawa majivu, na pwaa haikuja.

Akakitoa. Akakigonga kwa kidole, kikalia ngiii.

Lakini nisiwadanganye. Hakikuwa kama vya marehemu. Mdomo wake ulikwenda upande, kama mtu anayemsengenya jirani. Kalunde mdogo akampelekea Babu yake, akasimama anangoja.

Babu Lubinza akakigeuza huku na huku. "Huu si mkono wa marehemu," akasema. "Yeye mdomo hakuukosea hata siku moja."

"Ni mkono wangu, Babu."

"Naona." Akakigonga, kikalia ngiii. Akainamisha sikio. Akakigonga tena, akasikiliza muda mrefu. Kisha akamrudishia. "Naye yumo. Haya, pika. Niliapa chungu cha Kalunde, na wewe ndiye Kalunde. Nina njaa."

Nshoma akasonga ugali, mtoto akapika kunde ndani ya chungu kipya, akazitia karanga za kutwanga, tele. Babu Lubinza akanawa, akamega tonge, akachovya, akala. Akamega tena. Nyumba nzima inamtazama. Alipofika katikati akainua uso, akasema, "Mke wangu, mbona chumvi umeitupa yote humu? Nitakurudisha kwenu."

"Nirudishe," akasema Kalunde mdogo. "Mume gani mwenyewe, meno matatu."

Babu Lubinza akacheka. Alicheka mpaka tonge likamwanguka, mpaka kuku wakalikimbilia.

Tangu hapo wafinyanzi wa kijiji kile, akifa mmoja wao, huvunja, hulia, kisha husaga. Na mtoto akizaliwa bado wanamtajia majina, na akinyamaza bado wanamwambia karibu tena nyumbani. Wakimaliza, humpa mama yake, humwambia, "Mlee. Tutamjua akikua."

Sasa najua kuna mmoja wenu ataniuliza, kwani yule bibi alirudi au hakurudi? Muulizeni kuku. Mimi ngano yangu nimeitua hapa, mwenye mikono aipokee. Na anayeondoka wa mwisho afukie moto, ila aache kaa moja chini ya majivu, la kuwashia kesho.